Logilaini nne za skripti moja ya lumbesa: ipi umtumie nani

Logilaini ni ile sentensi moja inayomuuzia prodyuza skripti yako. Tuanze na skripti yenyewe. Ni ya kubuni, ili tuwe na kitu cha kufanyia mazoezi. Binti wa Makambako amemaliza chuo, kaajiriwa kuwa afisa vipimo, na kituo chake cha kwanza ni hukohuko kwao. Kazi aliyotumwa ni kukomesha lumbesa kwenye viazi. Kwa asiyetoka Nyanda za Juu Kusini: lumbesa ni gunia linalojazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezewa kichuguu juu na kushonewa kamba ili kisimwagike, halafu mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Sheria inaikataza, lakini kila msimu utaiona imepangwa kwenye malori yanayoteremka Kitonga kwenda Dar es Salaam. Dalali anayeendesha mchezo huo sokoni ni mama mzazi wa yule binti. Ada ya binti, tangu sekondari hadi chuo, imetoka humohumo.

Kurasa 90 zimeandikwa. Prodyuza yuko Dar, wewe uko Mbeya, zaidi ya kilomita 800. Utamfikia kwa WhatsApp, na kabla hajagusa faili lako atasoma sentensi moja, mbili zikizidi. Hiyo ndiyo logilaini: ni nani, anataka nini, nini kinamzuia, na kuna nini cha kupoteza. Wengi huiweka kati ya maneno 25 na 35. Kwenye kampuni za filamu za Marekani kuna wasomaji wanaolipwa kupitia skripti, na logilaini hukaa juu kabisa ya ripoti yao; bosi asiye na muda huishia hapo. Huku kwetu prodyuza mara nyingi ndiye msomaji, ndiye mtafuta fedha, na siku nyingine ndiye anayebeba taa. Sentensi yako inamkuta katikati ya shughuli hizo.

Skripti hii inaweza kuuzwa kwa sentensi za aina nne. Nimezipanga kuanzia ile ninayokutana nayo zaidi kwa waandishi wa huku hadi ile ambayo ningeituma mimi.

A: Ya mafumbo

"Siri iliyozikwa kwa miaka mingi inapofukuliwa, familia moja ya Makambako inajikuta njia panda kati ya damu na sheria."

Inasomeka vizuri. Mtu mwenye sauti nzito akiisoma kwenye trela, ukumbi utanyamaza. Shida ni kwamba haya ni maneno ya posta, yaani bango la kutangazia filamu, na posta humlenga mtazamaji ambaye filamu imeshatengenezwa na tiketi ipo. Prodyuza bado anaamua kama itengenezwe. Hapo juu pamoja na mdundo wote huo hajaambiwa siri ni nini, familia ina akina nani, na sheria gani imevunjwa. Futa Makambako uweke Tanga, sentensi haitajua kama imehama.

Ukiwauliza walioandika hivi, jibu ni lilelile: sitaki kuuza siri. Hofu hiyo naielewa, ila lazima mtu ajiulize siri inatoka ukurasa wa ngapi. Kipimo changu ni robo ya kwanza. Jambo linalofichuka kabla ya ukurasa wa 25 hivi, katika skripti ya kurasa 90, ndilo hadithi yenyewe, na logilaini inayolificha imeificha filamu. Binti wetu akigundua ukurasa wa 20 kwamba dalali ni mama yake, kurasa 70 zinazobaki ni za watu wawili wanaokula ugali meza moja huku mmoja akikusanya ushahidi dhidi ya mwenzake. Hiyo ndiyo filamu. Kumficha mama ni kuuza gunia tupu.

Akigundua ukurasa wa 80, tunazungumzia filamu nyingine, ya msako, na sentensi yake inabadilika: "Afisa vipimo mpya anamsaka dalali asiyejulikana anayelindwa na soko zima la Makambako, huku kila ushahidi anaoupata ukimrudisha nyumbani kwao." Hapa mama hajatajwa, lakini hakuna fumbo: tunajua nani anamtafuta nani, na tunanusa hatari iko wapi. Kati ya filamu hizi mbili ningechagua ile ya ukurasa wa 20. Watazamaji wetu wamelelewa na hadithi za mama wa kambo na wachawi wa ukoo. Watamshuku mama mapema, na mwandishi atatumia saa nzima kuwaficha jambo wanalolijua.

B: Ya somo

"Filamu inayoelimisha jamii kuhusu madhara ya lumbesa kwa mkulima mdogo na umuhimu wa kutumia vipimo sahihi."

Wengine huicheka sentensi ya namna hii. Mimi siicheki, kwa sababu kodi za nyumba nyingi za wapiga picha wa Mbeya na Iringa zimelipwa na miradi ya kilimo, afya na lishe. Afisa mradi ana jedwali lenye safu ya "lengo", na B inaingia pale bila kupindwa. Kama fedha inatoka kwenye shirika au halmashauri, lugha hii lazima iwepo mahali fulani kwenye andiko lako.

Lakini umpe B mnunuzi wa televisheni, atasikia kipindi cha kilimo cha jioni. Haina mtu ndani. Ina mada, na mada haiwezi kuamka asubuhi, kudanganya, kupanda bodaboda wala kumkwepa mama yake kanisani. Hata kwa shirika, ningetanguliza sentensi yenye mtu na kuiweka B chini yake. Maofisa miradi nao ni binadamu, wanatazama tamthilia kama sisi.

C: Ya mazingira

"Katika nyanda za ukungu za Njombe, ambako viazi ni dhahabu na mizani ni hakimu, binti mmoja anarudi nyumbani na kukuta soko lililojengwa juu ya ukimya."

Hii ndiyo inayowavutia waliopita kwenye warsha za filamu. Ina jambo moja la kweli la kuuza: sura ya huku haijachoshwa. Sehemu kubwa ya filamu zetu imepigwa Dar, sebule yenye makochi makubwa na geti jeusi. Mtu anayefikiri kwa picha akisikia ukungu wa saa mbili asubuhi, watu wa sokoni wamevaa makoti mazito na kofia za sufu, jiko la mkaa kando ya mizani, misonobari ya Sao Hill imejipanga nyuma ya barabara, tayari ameanza kuona fremu. Kwa mwongozaji wa aina hiyo, au jopo la tamasha, mazingira si pambo.

Hebu tazama vitenzi lakini. Anarudi. Anakuta. Vyote viwili humtokea mtu, hakuna analolifanya. Ukiuliza "halafu?", sentensi haina jibu, na ule "ukimya" wa mwisho umewekwa ili usiulize. Ningeinyang'anya C maneno yake matatu mazuri nikayahamishia kwingine.

D: Ya mtu na kikwazo

"Afisa vipimo mpya anayepewa msimu mmoja kukomesha lumbesa katika soko la Makambako anagundua kwamba dalali anayepaswa kumpeleka mahakamani ni mama yake, aliyemsomesha kwa fedha za magunia hayohayo."

Ni maneno 27. Tuyatazame kwa karibu, maana uzito wake uko kwenye vitu vidogo.

"Mpya" inatuambia hana mtetezi ofisini na bado ana jambo la kuthibitisha. Afisa wa miaka 20 kazini angeshajua namna ya kufumba macho, na filamu isingekuwepo. "Msimu mmoja" inaweka mwisho: viazi vikishachimbwa na kuuzwa, nafasi imepita. Bila hiyo, binti angeweza kusubiri mpaka mama azeeke. "Anayepaswa kumpeleka mahakamani" ni tendo lenye sura. Ungeandika "anayepaswa kupambana naye", msomaji angeona ukungu tu. Na "hayohayo" ndilo neno nisilokubali likatwe hata nikibanwa nafasi, kwa sababu ndilo linalomfanya binti awe mnufaika wa kosa analolisaka. Ukilitoa, anabaki mtoto mwema mwenye mama mbaya, na hiyo tumeshaiona mara nyingi.

Jina la binti halipo, na si kwa kusahau. "Neema" haimwambii prodyuza kitu; "afisa vipimo mpya" inampa umri, mavazi, mshahara na maadui. Vilevile sijaandika "akishindwa atafukuzwa kazi". Walimu wengi wa uandishi wangesisitiza hasara itajwe waziwazi. Hapa naona inajitaja: akishinda anampoteza mama, akishindwa anajipoteza yeye. Kuongeza hilo la kufukuzwa ni kupunguza bei.

Tofauti ya A na D utaipata haraka ukimsimulia abiria mwenzako ndani ya basi la Mbeya kwenda Iringa. Ukimpa A atauliza "siri gani?", nawe utafurahi kwamba umemnasa. Usifurahi sana. Kwenye basi upo wa kumjibu. Kwenye simu ya prodyuza hakuna anayejibu, na meseji inayofuata imeshaingia. Ukimpa D atauliza "ikawaje, akamfunga?" Huyo anaihitaji skripti.

Ikiwa unauza tamthilia

D ikipelekwa kwa anayetafuta tamthilia itakwama, hata kama ni nzuri. Swali lake lina mwisho: atampeleka mahakamani au hatampeleka. Likijibiwa, watu wanazima televisheni. Chaneli kama Sinema Zetu ya Azam au Maisha Magic Bongo ya DStv zikichukua tamthilia zinahitaji kujua wiki ya kumi kutakuwa na nini, na ya thelathini je. Hapo huwa nashauri kitu ambacho waandishi hawakipendi: badilisha stelingi.

"Dalali mjane anayeshika soko la viazi la Makambako analazimika kila msimu kuilinda himaya yake dhidi ya madereva wa malori, madalali wenzake na wakulima waliochoka, huku afisa vipimo aliyeletwa kumwangusha akiwa ni binti yake."

Sasa mama ndiye mwenye hadithi. Binti ana kesi moja. Mama ana biashara, na biashara huleta mgogoro mpya kila gari linapoingia sokoni. Leo dereva kakwama Tunduma na mzigo unaoza, kesho mkulima kagoma kushona gunia, keshokutwa mjumbe wa soko anataka chake. Angalia pia lilikohamia neno "binti": kwenye D mama anatajwa katikati na kuipindua sentensi, hapa binti anakuja mwisho, kwa sababu ni tatizo litakalodumu, si mshtuko wa mara moja. Kama skripti yako ya kurasa 90 inakataa kabisa kuandikwa hivi, basi ni filamu. Usiinyooshe iwe vipindi 52 kwa kuwa tu chaneli ndizo zenye fedha.

Mhusika anapokuwa Mkwawa

Nilisema jina liachwe. Kwa Iringa kuna mtu mmoja anayevunja kanuni hiyo, na karibu kila mwandishi wa huko ana skripti yake kabatini. Linganisha hizi mbili:

"Maisha ya shujaa Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyepambana na Wajerumani hadi mwisho."

"Mwaka 1891, mtawala wa Wahehe ana nafasi moja ya kukivizia Lugalo kikosi cha Wajerumani chenye bunduki na mizinga kabla hakijafika nchini mwake, na ushindi wenyewe utawaleta wengi zaidi."

Ya kwanza itasimamisha watu Kalenga na Mjini Iringa, maana jina linafanya kazi yote. Nje ya hapo ni kitabu cha historia cha shule ya msingi. Haisemi filamu inaanza wapi na kuishia wapi, na nina shaka skripti yenyewe inajua. Kuna Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Emil von Zelewski kilipoangamizwa naye akauawa. Kuna ngome ya Kalenga iliyoanguka Oktoba 1894. Kuna miaka ya kuwindwa porini hadi 1898, alipojipiga risasi asikamatwe. Kuna fuvu lake lililotajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919 na kurudishwa 1954, likapokelewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Hizo ni filamu nne, na "maisha ya" inazibeba zote bila kuchagua.

Ya pili imechagua siku moja. Kwa msomaji wa Iringa ningerudisha jina, "Mtwa Mkwawa" badala ya "mtawala wa Wahehe", kwa sababu pale jina ni habari. Kwa msomaji wa Nairobi au Paris, cheo kinasema zaidi.

Halafu kuna fedha, ambayo logilaini huitaja hata kama hukuiandika. Prodyuza akisoma Lugalo anahesabu: mamia ya watu wa kujaza uwanja, ngao, mikuki, bunduki za zamani, mavazi, chakula cha wote hao kwa wiki kadhaa. Akisoma habari ya fuvu anaona ofisi, barua, gari la zamani na waigizaji wachache wenye umri. Akisoma D anaona soko, mizani, lori la kukodi na nyumba moja ya tofali. Kama hujawahi kuuza skripti, hesabu hiyo inakuhusu kuliko uzuri wa sentensi. Tanguliza ile yenye lokesheni chache, Lugalo itasubiri.

Nani apewe ipi

Prodyuza wa filamu wa Dar: D, bila kuongeza kitu. Chaneli ya tamthilia: ile ya mama. Shirika au halmashauri: D, kisha B kama aya ya lengo. Tamasha kama ZIFF la Zanzibar, au mfuko wa nje: D iliyopambwa kidogo na C, mathalani "afisa vipimo mpya katika mji wa baridi wa njia panda kusini mwa Tanzania". Hapa neno lumbesa litamkwaza asiyelijua. Usilifafanue kwa mabano. Sema "magunia yanayojazwa kupita kipimo ili kumwibia mkulima" na uendelee. Sentensi itarefuka, kubali, afadhali maneno 38 yanayoeleweka. A ihifadhi. Siku filamu ikitoka, mchora posta ataihitaji.

Kabla ya kutuma chochote kuna jambo la COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi iliyoandikwa. Wazo halilindwi, na logilaini ni karibu wazo tupu. Mtu akiipenda D akaandika skripti yake mwenyewe kuhusu afisa vipimo na mama dalali, huna pa kumshika. Ukiwa na skripti kamili uliyoisajili na ushahidi wa lini ulimtumia nani, mazungumzo yanabadilika. Kwa hiyo wanaopita wakirusha logilaini za hadithi ambazo hawajaziandika, kwenye kila grupu la WhatsApp, wanagawa bure.

Na ukituma, sentensi ikae ndani ya meseji yenyewe. Faili lisitangulie, wala voisi ya dakika sita inayoanza na historia ya maisha yako. Mimi ningeandika hivi:

"Shikamoo kaka. Naandika kutoka Mbeya. Nina skripti ya filamu, kurasa 90, imesajiliwa COSOTA, inaitwa *Kipimo*. Afisa vipimo mpya anayepewa msimu mmoja kukomesha lumbesa katika soko la Makambako anagundua kwamba dalali anayepaswa kumpeleka mahakamani ni mama yake, aliyemsomesha kwa fedha za magunia hayohayo. Lokesheni ni nne, zote ziko Makambako. Ukiridhia nitakutumia kurasa kumi za mwanzo."

Kurasa kumi, si tisini. Akizitaka zilizobaki ataomba.